Divai ya Altare kwenye Njia ya Misafara ya Tabora

Divai ilifika Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi yenye mji wa Tabora, mabegani mwa wapagazi, ikiwa imefungwa pamoja na vitambaa, shanga, nyaya za shaba na baruti. Katika bidhaa zote zilizopanda kutoka Bagamoyo hadi Tabora katika karne ya 19, ilikuwa miongoni mwa zile zilizokuwa na wateja wachache mno. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliojenga tembe zao Tabora na Kwihara walikuwa Waislamu, na dini yao iliikataza. Wanyamwezi walikuwa na pombe yao ya mtama na uwele, na misitu ya miombo iliyouzunguka mji iliwapa asali ya kutengenezea wanzuki. Ujiji, mwisho wa njia, kulikuwa na michikichi, na tembo lake lilinywewa likiwa bichi. Hakuna aliyekosa kinywaji katika nchi hiyo kiasi cha kuhitaji chupa kutoka Ulaya. Waliozihitaji walikuwa wasafiri wachache wa Kizungu na, baada yao, mapadre.

Msafiri aliyeiacha chupa yake katika kumbukumbu za njia hiyo ni Henry Morton Stanley. Alipomfikia David Livingstone huko Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, alimwagiza Selim, kijana wake wa Kiarabu kutoka Yerusalemu, alete chupa ya shampeni na vikombe vya fedha alivyokuwa amevitunza kwa ajili ya siku hiyo. Chupa ilikuwa imevuka Ugogo, Mgunda Mkali na nchi iliyokuwa vitani kati ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo, isivunjike. Miezi michache baadaye wasafiri hao wawili walikuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, wakifungua shehena zilizokuwa zikimsubiri Livingstone, na nyingi zilikuwa zimeibwa au kuharibika. Shampeni ya Stanley ilikuwa anasa ya mara moja. Divai ya mapadre ilikuwa jambo la kila siku, na ndiyo maana historia yake ni ndefu zaidi.

Msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadre Weupe, uliondoka Bagamoyo mwezi Juni 1878. Shirika lao lilikuwa limeanzishwa na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, miaka kumi tu kabla ya hapo. Walikuwa kumi, wakiwamo Léon Livinhac na Siméon Lourdel waliokuwa wakielekea Nyanza, yaani Ziwa Victoria, na Joachim Pascal aliyekuwa mkuu wa kundi la Tanganyika. Pascal alifariki njiani mwezi Agosti kabla ya kuiona Tabora. Waliobaki walifika Tabora, wakagawanyika: kundi moja likashika njia ya kaskazini hadi Kageye kwenye ufuko wa ziwa, jingine likaelekea magharibi na kufika Ujiji Januari 1879. Mavazi yao yalitoka Algeria: kanzu nyeupe, joho jeupe na kofia nyekundu, na rozari ikining'inia shingoni. Kwa mtu wa Tabora aliyezoea kanzu, wageni hawa hawakufanana sana na Wazungu.

Katika mizigo yao kulikuwa na sanduku la misa. Ndani yake kulikaa kila kilichohitajika ili meza yoyote, hata ya miti iliyofungwa kwa kamba kambini, iwe altare: jiwe dogo lililobarikiwa, kalisi na kisahani chake, vitambaa, mavazi ya padre, misale, mishumaa, hostia au chuma cha kuokea hostia, na vichupa viwili, kimoja cha maji na kingine cha divai. Padre alimimina divai kidogo katika kalisi, kisha akaongeza tone la maji. Baada ya komunyo divai nyingine kidogo ilimiminwa ili kuisuuza kalisi, naye padre akainywa, pasipotee hata chembe. Waumini walipokea hostia peke yake. Desturi hiyo ilikuwa imewekwa kuwa sheria na Mtaguso wa Konstanz mwaka 1415, na ilikuwa bado inafuatwa pale Mnyamwezi wa kwanza alipobatizwa. Hivyo mpagazi aliyebeba divai kwa miezi mitatu, hata kama alikuja kuwa Mkristo, hakuionja.

Kiasi kilichotumika kinaweza kukadiriwa. Misa moja kwa utaratibu wa wakati ule ilitosheka na mililita kama 40. Kila padre alisoma misa yake mwenyewe kila siku, kwa kuwa mapadre wengi kuadhimisha misa moja kwa pamoja hakukuruhusiwa tena kwa kawaida hadi baada ya 1963. Kwa mwaka padre mmoja alihitaji lita 15 hivi, yaani chupa 20. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32 au zaidi kidogo, na chupa 20 zilizojaa pamoja na sanduku lake zinakaribia uzito huohuo. Padre mmoja, mwaka mmoja, mpagazi mmoja: hapo hajahesabiwa mpagazi aliyetoroka Ugogo, wala chupa iliyopasuka, wala divai iliyogeuka siki.

Siki ndiyo iliyokuwa hatari kubwa kuliko wizi. Divai nyepesi ya Ufaransa ikikaa juani kwa wiki kadhaa katika chupa isiyozibwa vizuri, au ikiingia hewa baada ya kufunguliwa, huchachuka upya, na kwa sheria ya Kanisa divai iliyokuwa siki si divai tena; misa iliyosomwa kwa siki haikuwa halali. Sheria ilidai vitu viwili tu: divai iwe ya zabibu, na isiwe imeharibika. Lakini ndani ya masharti hayo Roma ilikuwa imeacha nafasi ambayo wamisionari wa nchi za mbali waliihitaji. Tangu 1706 Ofisi Takatifu ilikubali divai iliyotengenezwa kwa zabibu kavu, mradi rangi na ladha zionyeshe kuwa ni divai ya kweli. Zabibu kavu ni nyepesi, haziharibiki upesi, na zililetwa pwani na majahazi ya Uarabuni na Ghuba. Zikilowekwa katika maji na kuachwa zichachuke, hutoa divai mahali popote. Mwaka 1896 ofisi hiyohiyo ilikubali divai tamu iongezwe pombe iliyotokana na zabibu hadi kufikia nguvu ya asilimia 17 au 18, ili isafiri bila kuharibika. Ndiyo maana divai za altare zilizopelekwa nchi za joto zilikuwa tamu na kali kuliko zile za mezani.

Vitu vingine vya altare havikuwa na shida hiyo. Waarabu wa Unyanyembe walikuwa wakilima ngano katika mashamba ya kumwagiliwa maji, kama Richard Burton alivyoikuta Kazeh, jina la wakati huo la sehemu ya Tabora, alipofika mwaka 1857. Nta ilijaa misituni. Warina asali wa Unyamwezi walitundika mizinga ya magome juu ya miti, na baada ya kukamua asali walibaki na nta ambayo Kanisa liliitaka hasa kwa mishumaa ya misa. Nta ya Unyamwezi baadaye ilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje ya nchi. Kwa hiyo, kwa mtazamo wa sakristia, Tabora ilikuwa na unga na mwanga. Mizabibu ya kutosha kutoa divai haikuwapo, na hapo ndipo padre alipobaki akiitegemea pwani.

Katika miongo hiyohiyo huko Ulaya, padre na mtawa wenye divai walikuwa biashara nzuri ya wachoraji. Eduard von Grützner, aliyezaliwa Silesia mwaka 1846 na kufanya kazi Munich hadi alipokufa mwaka 1925, alijipatia jina na mali kwa picha za rangi za mafuta za wamonaki katika maghala ya chini ya ardhi. Mmonaki wake ana upara ulionyolewa katikati ya nywele, mashavu mekundu na funguo kiunoni. Amekaa kando ya pipa na kuinua bilauri kwenye mwanga ili aione rangi ya kinywaji. Mwingereza Walter Dendy Sadler alichora wamonaki wakivua na kula samaki. Mfaransa Jehan Georges Vibert alihamia kwa makardinali, akawavalisha nyekundu na kuwakalisha kwenye meza za kifahari. Picha hizo zilinakiliwa kwa maelfu katika machapisho ya rangi, zikatundikwa katika baa na vyumba vya kulia, na nakala zake za mkono, nyingi zisizo na sahihi, zinauzwa hadi leo katika maduka ya vitu vya kale.

Huenda kilichofanya picha hizo zipendwe ni kwamba mtu aliyechorwa alikuwa karibu ameondolewa. Serikali ya Bavaria ilizifunga monasteri zake mwaka 1802 na 1803, ikauza mali zao na maghala yao. Ujerumani ya Bismarck iliwafukuza Wajesuiti mwaka 1872, na mwaka 1875 Prussia ikayafunga karibu mashirika yote ya kitawa isipokuwa yaliyohudumia wagonjwa. Mnunuzi wa mjini mara nyingi hakuwa na mmonaki wa kuonana naye sokoni, hivyo aliweza kumcheka na kumtamani kwa pamoja. Dhihaka ya picha ilikuwa na chembe ya ukweli. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inamruhusu mmonaki kipimo cha divai kwa siku ambacho wengi hukikadiria kuwa robo lita. Kipimo hicho kinazidi mara sita kile kilichomtosha padre wa Tabora altareni.

Mapadre Weupe, hata hivyo, hawakuwa wamonaki. Walikuwa mapadre na mabruda wa shirika la kimisionari, bila nadhiri za monasteri. Wamonaki halisi walioingia nchi hii walikuwa Wabenedikto wa St. Ottilien. Walifika Pugu mwaka 1888, misheni yao ikavamiwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani huko pwani, na baadaye wakajikita kusini, Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Njia ya kati haikuwa yao.

Ghala lenye mapipa, kama lile la Grützner, Mapadre Weupe walikuwa nalo, ila lilikuwa Algeria. Lavigerie alinunua ardhi Maison-Carrée, karibu na Algiers, akaifanya makao ya shirika na makazi ya watoto walioachwa yatima na njaa ya 1867 na 1868, kisha akapanda mizabibu. Wakati ulikuwa mzuri kwake. Mdudu aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, alikuwa akiila mizizi ya mizabibu ya Ufaransa katika miaka ya 1870 na 1880, na bei ya divai ya Algeria ikapanda. Baadaye shirika lilianzisha shamba jingine Thibar, Tunisia, ambalo likajulikana kwa divai yake na kwa kileo kitamu kinachoitwa Thibarine. Fedha za mizabibu zilisaidia kulisha misheni. Huenda Kanisa la Tabora lilipokea sehemu ya faida ya divai kabla halijapata divai ya kutosha ya kunywa, na hilo mchoraji wa Munich hakulifikiria.

Padre mmoja wa Kipalapala aliijua mizabibu tangu utoto. August Schynse alizaliwa mwaka 1857 Wallhausen, karibu na Kreuznach, katika bonde la Ujerumani linaloishi kwa divai. Baada ya kufanya kazi Kongo alifika Kipalapala mwaka 1888. Kituo hicho, kilichokuwa karibu na Tabora, kiliwalea watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka mmoja kabla yake, Agosti 1887, Kipalapala ilikuwa imeshuhudia Livinhac, ambaye sasa alikuwa askofu, akimweka wakfu Jean-Baptiste Charbonnier awe askofu wa Tanganyika. Ibada ya wakati huo ilikuwa na kipengele ambacho mtu wa Ulaya hakukishangaa hata kidogo: katika matoleo, askofu mpya humpa anayemweka wakfu mishumaa miwili inayowaka, mikate miwili na vipipa viwili vidogo vya divai, kimoja cha rangi ya dhahabu na kingine cha rangi ya fedha. Kilomita 800 na zaidi kutoka baharini kwa njia ya misafara, kitabu cha ibada kilikuwa kikiagiza mapipa. Charbonnier alifariki Karema mwezi Machi uliofuata.

Schynse hakukaa Kipalapala kwa muda mrefu. Vita vya pwani vya 1888 na 1889 vilikata njia ya misafara, barua na mizigo vikakwama, na Mtemi Isike wa Unyanyembe hakuwa tena rafiki wa Wazungu. Mapadre waliihama Kipalapala mwaka 1889. Schynse alihamia Bukumbi, kusini mwa Nyanza, akaandamana na msafara wa Stanley na Emin Pasha hadi pwani mwaka huohuo, akarudi, na kufa Bukumbi mwaka 1891. Wajerumani waliivunja ngome ya Isike Januari 1893, naye mtemi akajilipua kwa baruti badala ya kukamatwa. Misheni zilijengwa upya mbali na mji: Ushirombo mwaka 1891 chini ya François Gerboin, na Ndala mwaka 1896.

Katika nchi hiyohiyo ya Unyamwezi Ukristo wa namna nyingine ulikuwa na desturi tofauti ya kikombe. Wamoravian walipokea kituo cha Urambo kutoka kwa London Missionary Society mwaka 1898, na kwao chakula cha Bwana ni mkate na kikombe kwa kila mshiriki. Mkristo wa Urambo alikinywea kikombe alichopewa. Wa Ndala alikitazama kikiinuliwa. Watu wa familia moja walioolewa au kuhamia kati ya vituo hivyo huenda waliiona tofauti hii upesi kuliko tofauti nyingine za mafundisho.

Reli ilimaliza suala la mzigo. Njia ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kreti ya chupa iliyohitaji miezi mitatu ikawa inafika kwa siku chache, kivulini, ndani ya behewa. Upagazi wa masafa marefu, kazi iliyowapa Wanyamwezi jina pwani nzima, ulififia upesi kwenye njia hiyo. Wakati huohuo sheria za kikoloni, zilizofuata Mkataba wa Brussels wa 1890, zilimzuia Mwafrika kununua pombe kali za Ulaya. Kwa Mnyamwezi Mkatoliki aliyetaka kuijua divai ya altare kwa ulimi wake mlango ulikuwa mmoja: upadre. Mapadre wa kwanza Waafrika wa Tanganyika walipewa daraja Rubya, Bukoba, mwaka 1917. Seminari kuu ya Kipalapala ilifunguliwa mwaka 1925 karibu na kituo kilichohamwa miaka 36 kabla, na kwa miongo mingi vijana wa majimbo mbalimbali walikuja kusomea huko. Mwaka 1960 Marko Mihayo akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Askofu Mkuu wa Tabora.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, ulibadilisha hesabu zote mbili. Mapadre sasa waliweza kuadhimisha misa moja kwa pamoja, na divai ikatumika kidogo kwa kila mmoja. Waumini nao waliruhusiwa, katika nafasi maalumu kama ndoa, kupokea hostia pamoja na divai, mara nyingi kwa kuchovya. Ndipo pia lilipozuka swali ambalo mazingira ya Tabora yalikuwa yameliuliza kimyakimya tangu 1878. Wanateolojia wa Afrika, miongoni mwao Jean-Marc Ela wa Kameruni, walihoji kwa nini Mwafrika anayelima uwele na kunywa pombe yake aadhimishe misa kwa nafaka na tunda vya nchi nyingine. Kwa Unyamwezi hoja hiyo ingemaanisha wanzuki: kinywaji cha harusi, cha mavuno na cha kuwapoza wazee, kilichochachuliwa kwa asali ya misitu ileile inayotoa nta ya mishumaa. Roma haikukubali. Maelekezo yake ya mwaka 2004 yalirudia kuwa divai iwe ya zabibu, halisi na isiyochanganywa na kitu kigeni, na kwamba kinywaji kingine chochote hakifai.

Jibu la vitendo lilitoka mahali ambapo misafara ilipaogopa zaidi. Ugogo, nchi ya kiu na ya ushuru wa hongo, ilipandwa mizabibu katika misheni ya Bihawana karibu na Dodoma katika miaka ya 1950, chini ya mapadre Wapasionisti kutoka Italia waliokabidhiwa Dodoma mwaka 1935. Katika miaka ya 1960 gereza la Isanga lilipanda pia, kisha vijiji vikafuata, na serikali ikaingia kwa kiwanda na kituo cha utafiti cha Makutupora. Ukame uliowaua wapagazi ndio unaoufaa mzabibu. Mvua ya Dodoma ni milimita kama 600 kwa mwaka, tena ya msimu mmoja. Mkulima akipogoa kwa wakati na kumwagilia maji, huvuna mara mbili, karibu na Machi na tena karibu na Agosti. Tabora hupata zaidi ya milimita 900 zinazonyesha kwa nusu mwaka, na unyevu huo huleta ukungu unaoozesha majani na vichala. Wakulima wa Tabora wameendelea na tumbaku, karanga na asali, na divai ya Tanzania ikabaki zao la Dodoma.